Ng'ombe Aliyefichwa Ukuriani

Mama hakuamini mshahara. Wako watu wasioamini mbwa wa jirani, wako wasioamini daraja la miti. Mama yeye hakuamini mshahara, na Mungu akampa mume wa mshahara. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha sukari kule Awendo, kwenye mitambo ya kusaga miwa, na kila mwisho wa mwezi alirudi na mkate, nyama na kelele zake za furaha. Sisi watoto tulimkimbilia mlangoni. Mama alipokea nyama, akaikata mara mbili, nusu akaitia sufuriani na nusu akaipaka chumvi na kuitundika juu ya moshi. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mama yenu anajiandaa kwa vita," alituambia. "Hebu muulizeni adui ni nani."

Adui mama alimjua vizuri sana. Babu yangu, babake mama, aliwahi kuchimba shaba katika mgodi mmoja huku Migori, na siku moja wazungu wa mgodi wakafunga virago wakaenda zao. Babu alifika nyumbani na koleo begani, akakuta debe la unga ni tupu. Mama alikuwa mtoto mdogo. Walikula majani ya porini bila chumvi, na kitinda mimba wao hakuivuka miezi ile. Mama alipoisimulia habari hiyo hakuwa na huzuni, alikuwa na hasira, na hasira yenyewe si ya mgodi. "Mtu anaambiwa kazi imekwisha, anafika kwake, hata unga wa kesho hakuna. Huo ni uzembe!" alisema, kana kwamba babu alikuwa amesimama mbele yake.

Kwa hiyo sisi tulilala juu ya chakula. Nyumba ya kiwanda ilikuwa chumba kimoja na jiko dogo, na chini ya vitanda vyote kulikuwa na magunia. Kulikuwa na mtama uliochanganywa na jivu ili wadudu wasiuguse, na muhogo mkavu mgumu wa kuvunja meno. Omena walikuwa kwenye gunia lao la kuning'inia darini, na harufu yao ilinifuata mpaka darasani, wenzangu wakaniita duka la samaki. Sabuni ya mche mama aliikata vipande na kuianika, kwa sababu sabuni kavu haiishi haraka. Na kila Alhamisi hakukuwa na chakula cha mchana. Chakula kipo, kuni zipo, lakini hatupikiwi. "Tumbo linafundishika," alituambia. Wadogo zangu walilia, mimi nilinuna. Nilimwona mama mchoyo, na nilimwambia hivyo siku moja, nikapata kofi la kunitosha.

Haya yote baba aliyajua na kuyacheka. Kuna moja ambalo hakulijua.

Mama aliuza omena katika soko la Migori, siku zote isipokuwa Jumamosi, kwani alikuwa Msabato wa kweli kweli. Alikuwa na mteja wake mmoja, mama wa Kikuria aliyetoka huko juu karibu na mpaka wa Tanzania. Kijaluo yule mama hakujua, Kikuria mama hakujua, basi walizungumza Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kubomoka pande zote mbili. Lakini walielewana kuliko ndugu. Faida ya omena mama aliificha kwa huyo mteja kidogo kidogo, na ilipotosha, mume wa yule mama akamnunulia mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji. Mtamba akabaki huko huko kwa mzee huyo, afugwe pamoja na ng'ombe wake.

Kumpa mtu ng'ombe akufugie si jambo geni kwetu. Mfugaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na baada ya uzao kadhaa mfugaji naye anapewa wake. Lakini mtu humpa rafiki wa kabila lake, tena mwanamume kwa mwanamume. Mama alimpa Mkuria, na miaka ile watu wa kwetu walikuwa wakilala macho wazi wakiwasema Wakuria kuwa wezi wa ng'ombe. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake. Ng'ombe wa mke, kwa watu wa baba, alikuwa wa mume, na mume akiondoka alikuwa wa kaka zake. Hakuna shemeji ambaye angevuka mto Migori kwenda kutafuta mali ya mama Ukuriani. Hakuna hata ambaye angeota.

Alinipeleka kumwona ng'ombe huyo mara moja tu, mimi kifungua mimba wake. Mzee alitutoa nje ya boma akatuonyesha, akampigapiga ng'ombe mgongoni kama mtu anayemtambulisha binti yake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye masikio yaliyotobolewa na kuning'inia, na alizungumza na mama kwa heshima akiwa ameinamisha macho. Tulipokuwa tukirudi mama alinishika sikio, si kwa kuniumiza, ila nisikie vizuri.

"Huyu ndiye shule yako," alisema. "Na baada yako, ya wadogo zako. Ukimwambia mtu, hata baba yako, umejifukuza shule mwenyewe."

Sikumwambia mtu. Haki ya Mungu, sikumwambia mtu.

Baba alianza kukonda mwaka ambao nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa darasa la nane. Ilianza kwa kikohozi, ikaja homa ya kwenda na kurudi, kisha midomo ikamtoka vidonda. Miaka ile kila mtaa wa Awendo ulikuwa na mtu wa namna hiyo, na kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa isipokuwa jina lenyewe. Watu wa kwao walisema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko wa ukoo. Walibishana ni mwiko gani. Kiwanda hakikubishana na mtu. Baba aliposhindwa kusimama kwenye mitambo, mshahara ulikoma, na tukaambiwa nyumba inatakiwa. Tukapakia magunia yetu kwenye trekta la miwa, tukarudi nyumbani kwao baba, upande wa Homa Bay, kwenye mawe na jua.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Mshahara ulikufa na sisi tukala. Jirani zetu wa Awendo waliofutwa kazi mwaka huo huo walitawanyika wakiomba omba kwa ndugu, sisi tukala. Mama alipima mtama kwa mkebe, akafunga gunia kwa fundo lake mwenyewe ambalo sisi hatukuweza kulifungua, na kila siku jioni palikuwa na ugali mweusi na omena. Alhamisi hatukulia tena, tulikuwa tumezoea. Siku moja baba, akiwa ameegemezwa ukutani kwa mito, aliangalia sahani yake kwa muda mrefu. "Kumbe adui nilikuwa mimi," alisema. Mama alimwambia ale kabla haijapoa.

Nilifaulu mtihani. Nilipata nafasi katika shule moja ya bweni ya wasichana, na mama aliposikia hakupiga kigelegele. Alinitazama tu, akaangalia upande wa kusini, upande wa Migori, nami nikajua anamtazama nani. Ng'ombe alikuwa amezaa mara mbili kufikia hapo, dume na jike. Dume angenipeleka kidato cha kwanza. Wengine wawili wangeendelea kuzaa na kutuvusha. Nilikuwa nimeshaanza kulala nikiota sare.

Baba akafa kabla shule hazijafunguliwa.

Sitaki kusema mengi juu ya kilio chenyewe. Walikuja watu, wakaja watu, wakaja wengine. Kwetu mtu akifa waombolezaji hawaambiwi rudini, na hawalali njaa. Kaka mkubwa wa baba, ambaye sisi tulimwita baba mkubwa, alishika usukani wa kila kitu. Katika miezi yote ya ugonjwa alifika kutuona labda mara mbili, mikono mitupu. Sasa alisimama katikati ya ua na fimbo, akiagiza. "Fungueni hayo magunia," aliwaambia wanawake. "Ndugu yangu hatazikwa kama kuku." Fundo la mama likakatwa kwa kisu. Mtama wa jivu, muhogo, omena, nyama ya moshi, mpaka sabuni ya vipande, vyote vikatoka nje. Nilisimama mlangoni nikaona miaka ya mama ikibebwa kwenye nyungo.

Ajabu ni kwamba mama hakutaharuki. Alikuwa ameketi chini kando ya jeneza, kitambaa kichwani, na nilipomwinamia kumwambia kwamba wamefikia gunia la mwisho, alinibana mkono.

"Waache," aliniambia polepole. "Yule yupo."

Nikashusha pumzi. Nikawatazama wale wanawake wakipakua chakula chetu, nikasema moyoni, kuleni, kuleni mpasuke, yule yupo.

Kesho yake palikuwa na buru. Mwanamume wa Kijaluo akifa, ng'ombe hukimbizwa kwa ngoma na mikuki mpaka uani kwake, ili kukifukuza kifo na kuonyesha kwamba aliyelala pale alikuwa mtu mwenye watu. Mama kama Msabato hakupenda mambo hayo, lakini hakuna aliyemuuliza. Vijana walipita boma kwa boma wakikusanya ng'ombe wa jirani, kwa sababu baba hakuwa na ng'ombe. Alikuwa mtu wa mshahara. Walipokuja na ng'ombe wa kuazima vumbi likatimka, watu wakaruka, baba mkubwa akatupa mkuki hewani. Ng'ombe walipomaliza kazi yao wakarudishwa kwa wenyewe.

Ndipo alipoingia mzee wetu wa Ukuriani.

Sikuamini macho yangu. Alisimama langoni amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, fimbo mabegani, viatu vya tairi vimekatika. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya Migori, akilala njiani, akipita kwanza kwa machifu asije akaitwa mwizi. Na nyuma yake, kwa kamba, alikuwa yule mwekundu mwenye doa kwenye paji, na dume lake, na mtamba wake. Wamenona, wanang'aa. Wameoshwa! Nadhani aliwaosha kwenye kijito cha mwisho kabla ya kufika.

Mama alimwona. Niliuona uso wake, na sitausahau hata nikizeeka. Alitikisa kichwa, mara ya kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, hapana, hapana, rudi. Mzee akadhani ni kilio. Macho yake yakajaa machozi naye akatikisa kichwa chake kwa kumhurumia.

"Pole, mama, pole sana," alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika na wote, kwa Kiswahili ambacho kila mtu pale uani alikielewa. "Mke wangu alisikia sokoni. Nikauliza Mjaluo mmoja jirani yangu, kwa hawa watu mwenye boma akifa wanafanya aje? Akaniambia lazima ng'ombe ijae uani, bila hiyo watamdharau mjane. Nikasema, mama hatadharauliwa na mali yake iko kwangu. Hawa ni wako wote. Hakuna hata moja imepotea."

Halafu baba mkubwa akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeokota kitu.

"Kumbe ndugu yangu alikuwa na ng'ombe!"

Mama akainuka. Mjane hakutakiwa kuinuka vile, na wanawake wakamvuta nguo, lakini aliinuka. "Shemeji," alisema kwa Kijaluo, ambacho mzee hakukijua, "hawa si wa ndugu yako. Ni wangu. Nimewanunua kwa omena. Ni wa shule ya watoto."

"Wako?" Baba mkubwa aligeukia watu, akawauliza wao, si mama. "Mnasikia? Ana ng'ombe wake. Na wewe mwenyewe ulikuwa wa nani?"

Watu wengine walicheka, wengine waliangalia chini. Bibi mmoja wa ukoo, mzee aliyekuwa ameshikilia kitambaa cha mama, alimkemea kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia. "Nyamaza, mama! Unamlilia mume ama unalilia ng'ombe?"

Mama angejibu nini? Niambie wewe. Angesema analilia vyote viwili, wangesema ndiye aliyemuua mumewe ili abaki na mali, na walikuwa wameshaanza kunong'ona hivyo. Akaketi. Akajifunika uso. Nami nikasimama pale na barua yangu ya shule kwenye kifua cha gauni. Nilimchukia baba mkubwa, nilimchukia yule bibi, na Mungu anisamehe, nilimchukia mzee wa watu kuliko wote, na yeye ndiye pekee aliyekuja na kitu mkononi.

Dume lilichinjwa jioni ile ile. Ng'ombe mama, yule mwekundu, alichinjwa baada ya maziko, wakati watu wa kwao mama walipowasili, kwa sababu wakwe hawali masalio. Mtamba baba mkubwa alimfunga kwenye mti wake. Alisema anamtunzia mjane.

Mzee wa Ukuriani alilala kwetu, akapewa kiti na heshima zote. Alipokuwa anaondoka, baba mkubwa akaamuru apewe mguu, na aliyemletea alikuwa mama. Alikuwa ameufunga mguu wa ng'ombe wake mwenyewe kwa majani ya mgomba, akaukabidhi kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo.

"Mama, sasa nimetulia," mzee alisema. "Mali ya mtu ikiwa kwako hulali vizuri. Umefurahi?"

Nilimwangalia mama. Nilitaka aseme. Nilitaka amwambie yote, amvunje moyo vizuri kama sisi tulivyovunjwa.

"Nimefurahi, mzee," alisema. "Asante sana. Msalimie mama."

Tuliondoka nyumbani kwa baba kabla mvua hazijaanza, kwa sababu baba mkubwa alikuwa amesema anataka kumrithi mama pamoja na mtamba. Tukaenda Muhuru Bay, kwa wavuvi, kule ambako mama alikuwa akinunua omena enzi za biashara yake. Safari hii hakuwa mnunuzi. Tulianika omena wa watu wengine. Asubuhi unawamwaga juu ya nyavu kuukuu, unawatandaza, unawageuza, unafukuza korongo, na mvua ikitishia unakimbia kuwakusanya. Wasichana wenye sare walipita barabarani kwenda shuleni, nami niliinama nikawa na kazi nyingi sana na omena wangu mpaka wapite. Jioni nilinuka kuliko nilivyowahi kunuka Awendo, lakini hakukuwa tena na wa kuniita duka la samaki. Sote tulinuka.

Mwaka uliofuata yule mzee alifika Muhuru na mkewe kutafuta omena. Alinitambua, akafurahi mpaka akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Huyu msichana! Amekuwa mkubwa! Uko kidato gani sasa?"

Nilifungua mdomo. Mama alinitangulia.

"Anaendelea vizuri," alisema. "Sasa hivi wako likizo."

Mzee akasema Mungu ni mwema. Mkewe alitazama mikono yangu, magamba yamekauka mpaka kwenye viwiko, akatazama kando. Mama akawapimia omena na kuwaongezea kiganja juu.

Siku zile nilikuwa nimeanza mambo yangu. Kila nilipopewa mahindi kama malipo ya kuanika, nilitoa kidogo nikayaficha kwenye mkebe chini ya kitanda, nikachanganya na jivu kama nilivyoona tangu utotoni. Sikumwambia mama. Nilitaka siku moja, mvua zikigoma na ziwa likifungwa kwa wavuvi, niutoe ule mkebe nimwone akitabasamu, maana nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo. Mkebe ukajaa. Nikaanza wa pili.

Jioni moja nilirudi kutoka ufuoni nikakuta nyumba imejaa moshi na sufuria kubwa kuliko zote, ile ya kuchemshia maji ya kufulia, iko jikoni imefurika. Mama alikuwa amepika mahindi yangu yote, mikebe yote miwili, mara moja. Yalikuwa yanamwagika kwenye moto. Wadogo zangu walikuwa wameketi kuizunguka sufuria, mashavu yamejaa, wananitazama kwa hofu.

"Mama!" nilipiga kelele. "Hayo yalikuwa ya akiba! Wewe ndiye uliyenifundisha!"

Hakukasirika. Mama yangu, mwanamke wa mafundo na wa Alhamisi, aliyekuwa akikata nyama mara mbili, alinijazia bakuli mpaka juu, akaniwekea mikononi, akatupa jicho mlangoni kama mtu anayesikia hatua.

"Kula," alisema. "Kuleni haraka, kabla hawajaja."